Ile Hadithi Aliyoisahau Wifi Yangu

Mimi ni fundi cherehani, na wifi yangu nimemshonea karibu kila nguo aliyowahi kuvaa mbele za watu. Kwa hiyo nikisema namjua, namjua kwa futi ya kupimia. Najua bega lake la kulia limeshuka kidogo kuliko la kushoto, najua alinenepa lini na kwa raha gani, na naujua mwaka aliokonda bila kuumwa. Mwaka ule niliyapunguza magauni yake yote, moja baada ya jingine, na yeye akisimama mbele ya kioo changu huniambia kitambaa kimelegea. Kitambaa gani kimelegea? Binti yake alikuwa ameacha kuzungumza naye, na hilo ndilo lililokuwa likimla.

Nikisema ameacha kuzungumza naye, tusielewane vibaya. Salamu zilikuwepo. "Shikamoo mama. Tuko salama. Baba hajambo?" Sikukuu alikuja, akaleta matunda, akaosha vyombo, akaaga. Adabu hakuikosa hata siku moja. Alichokiondoa ni mengine yote: mumewe kasemaje, kazini kuna nini, usingizi anapata au hapati. Akawa mgeni nyumbani kwao. Na kwa mwanamke ambaye kazi yake maisha yote ilikuwa kuwafanya watu waseme, heri angetukanwa. Alichokitaka tangu siku ile kilikuwa kimoja tu, binti yake amwambie tena jambo, hata dogo.

Lakini nimekimbilia mbele. Huwezi kuelewa alichokosa bila kujua alikuwa nani.

Mtaani wanamwita Kipaza. Jina hilo alilipata angali msichana mwembamba, mchapaji pale manispaa. Enzi hizo idara ya afya ilikuwa na gari la matangazo, chakavu, lenye vipaza sauti viwili juu ya paa, na mtangazaji wake alikuwa mzee mmoja mwenye kikohozi. Siku moja mzee akaamka sauti imekauka kabisa, na chanjo ya watoto inaanza kesho yake. Bwana afya akatazama huku na huku, akamwona yule mchapaji asiyeweza kumpa mtu karatasi bila kumuuliza habari za nyumbani. "Wewe si unapenda kusema?" akamwambia. "Haya, panda."

Alipewa tangazo limeandikwa: wananchi wote wenye watoto wa umri wa chini ya miaka mitano mnatangaziwa kwamba, na kuendelea. Kona ya kwanza akalisoma lilivyo. Hakuna aliyegeuza shingo. Kona ya pili akaikunja ile karatasi, akaikalia, akamwangalia mama mmoja aliyekuwa akifua mlangoni kwake. "Mama unayefua hapo," akasema, na vipaza viwili vikalisambaza neno hilo mtaa mzima, "huyo mtoto mgongoni amechanjwa?" Mama wa watu akashtuka, akajibu kwa sauti kwamba bado. "Basi kesho mlete. Na huyo jirani yako anayecheka, naye alete wake." Watu wakatoka milangoni kuangalia nani atakayefuata kutajwa. Kesho yake foleni ya chanjo ilizunguka jengo, na bwana afya, aliyekuwa amejiandaa kumkaripia kwa kutosoma karatasi, akaghairi.

Dereva wa gari lile alikuwa kaka yangu. Ni mtu mkimya huyo, unaweza kukaa naye kutwa ukadhani umekaa na kabati. Baada ya wiki ile yakaja malalamiko ofisini kwamba kuna mitaa haikupata tangazo kabisa, na kuna mmoja, mrefu, wenye kivuli kizuri na mashimo machache, umetangaziwa mpaka watoto wenyewe wamelikariri. Bwana afya akamwita dereva ajieleze. Kaka yangu akasema gia ilikuwa inasumbua, gari likawa haliachi njia ile. Gia. Mpaka leo akitukera tunamuuliza kama gia imepona, na yeye anainamisha uso kwenye kikombe chake cha chai.

Gauni la harusi nililishona mimi, na niseme ukweli, nililishona roho ikiwa juu. Nilijiuliza huyu kasuku atamwachia kaka yangu nafasi gani ya kupumua. Kumbe sikuwa nimemjua kaka yangu mwenyewe. Alikuwa mtu wa kusikiliza tangu kuzaliwa, ila alikuwa hajapata cha kusikiliza. Jioni akirudi, anavua viatu, anakaa, na mkewe anaanza kumpa habari za siku nzima huku anamenya hiki na kukatakata kile, na uso wa kaka yangu unatulia. Nikawaona hivyo mara chache, nikanyamaza. Mimi na wifi yangu tulianza kwa kuchokozana na hatujaacha, ila pale katikati, sijui lini, nikampenda sana.

Kazini alipanda taratibu. Alisoma masomo ya jioni akiwa na mtoto tumboni, akatoka na cheti, akapewa meza ya afisa habari. Watu wanafikiri afisa habari ni mtu wa kupiga picha wakubwa wakikata utepe. Wifi yangu alikuwa anaandika taarifa kwa umma, anajibu wanahabari wanaopiga simu wakati wa chakula, anawaandikia wakurugenzi hotuba ambazo wao huzisoma kana kwamba wanasoma maelekezo ya dawa. Amewaona wakurugenzi wakija na kuondoka, kila mmoja na koti lake na maneno anayoyapenda. Mmoja alipenda sana neno "kudhibiti." Kila kitu kwake kilikuwa kimedhibitiwa.

Huyo ndiye aliyekuwepo bomba la majitaka lilipopasuka likachanganyika na la maji ya kunywa. Akamwambia wifi yangu aandike kwamba hali imedhibitiwa. Wifi akamuuliza, kwa heshima zote, "Mkurugenzi, nyumbani kwako leo mmeyanywa?" Mkurugenzi akatikisa kichwa. "Basi tuwaambie hivyo hivyo." Taarifa ikatoka fupi: msinywe maji ya bomba mpaka tutakapowaambia, na sisi wenyewe hatuyanywi. Kulikuwa na vikao vya ukali baada ya hapo, na kwa muda alikwenda kazini kila asubuhi hajui kama jioni atakuwa na kazi. Lakini watu walichemsha maji yao, na mjini akaaminiwa. Ukisikia redioni ni Kipaza, unaacha unachofanya.

Kuzungumza kwenye majukwaa kulianza kwa bahati tu. Mkurugenzi alialikwa kuwa mgeni rasmi kwenye mahafali ya shule, akaugua tumbo, akamtuma aliyeiandika hotuba akaisome. Nayo hakuisoma. Aliwasimulia wale wanafunzi jinsi alivyofeli hesabu akajificha chini ya kitanda, na baba yake akaingia huko chini naye, mtu mzima na suruali yake ya kazini, wakalala hapo wawili wakitazama chaga bila kusema kitu mpaka mama akawaita kula. Walimu walifuta machozi. Tangu hapo ikawa mahafali haya, semina ile, chama cha madereva, kikundi cha wajane, wafungwa wanaokaribia kutoka. Mimi nikawa na kazi ya magauni. Akaanza kuitwa mhamasishaji, neno ambalo lilimchekesha. "Mimi napiga soga tu," alikuwa akisema, "ila wamenipa maikrofoni."

Sasa, soga zake zote zilitoka kwetu. Kisa cha gia kimesikika kwenye kumbi nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Lakini alikuwa na utaratibu wake, na utaratibu huo tuliuheshimu kama sheria. Kisa chochote kilianza kusimuliwa sebuleni kwao, mbele ya wenyewe. Yeye anasimama karibu na meza ya kupigia pasi, sisi tumekaa, anasimulia. Mwenye kisa akinyoosha kidole, kisa kinafia pale pale, hakiulizwi kwa nini. Mimi nilinyoosha kidole mara moja, juu ya yule mwanamume aliyenichumbia akatokomea na gauni nimeshalikata. Wifi alisimulia vizuri mno, hata mimi nilitaka kujua mwisho, lakini nikanyoosha kidole. Hakukigusa tena. Wala kwa mzaha. Ndiyo maana tuliweza kuishi naye.

Binti yao ni mtoto wao wa pekee, mfamasia, mwenye utulivu wa baba yake lakini macho ya mama. Aliolewa na mwanamume mwema anayefundisha sayansi, akashika mimba, na mimi nikashona vijinguo vya manjano kwa sababu hatukutaka kujua ni nani anakuja. Mwezi wa saba wa mimba, mtoto akafia tumboni.

Alijifungua hivyo hivyo. Hospitali ilikuwa imejaa, wakamlaza kwenye wodi ya waliojifungua, yeye na mikono mitupu katikati ya kina mama wenye vichanga. Hakuna aliyefanya kwa ubaya, kitanda kilichokuwepo ndicho hicho. Mama yake alikaa naye kwenye kiti cha plastiki. Na alfajiri binti akamwambia, "Mama, kila mtoto akilia naamka nikidhani ni wangu."

Maneno hayo aliyasikia mtu mmoja tu duniani.

Mwaka uliofuata wifi yangu aliitwa kuzungumza na wauguzi na wakunga wa hospitali ile ile, kuhusu lugha nzuri kwa wagonjwa. Sebuleni alitusimulia kisa kingine kabisa, cha mzee aliyevaa miwani ya jirani yake kitandani, tukacheka, hakuna aliyenyoosha kidole. Akaenda. Akawakuta wauguzi wamechoka, wengine wametoka zamu ya usiku, mmoja anasinzia waziwazi, na mada yenyewe wameshaambiwa mara mia. Miwani ya mzee haikumwamsha mtu. Ndipo akawaambia kuhusu mwanamke kijana na kitanda chake na vichanga vya wenzake. Hakutaja jina wala uhusiano. Lakini ile sentensi aliitoa nzima, kama alivyopewa.

Nilipomuuliza baadaye kwa nini, aliniambia, "Ilitoka yenyewe, wifi."

"Sentensi haitoki yenyewe," nikamwambia. "Siyo chafya."

Ukumbi mzima ulilia. Mtu akawa amerekodi kwa simu, na kipande kile kikazunguka. Siku chache baadaye mteja mmoja akaegemea kaunta ya duka la dawa, akamwambia mpwa wangu, "Hebu msikilize huyu mama, dada yangu, lazima utalia," akamsogezea simu. Akaisikia sauti ya mama yake ikisema maneno yake yeye, na watu wakipiga makofi.

Jioni ile alikuja nyumbani kwao akiwa bado na koti jeupe la kazini. Nilikuwepo, nilikuwa nimeleta gauni. Hakukaa. Alisema, "Mama, yale maneno nilikwambia wewe."

Wifi yangu akaanza kueleza. Wauguzi, uchovu, namna alivyowaona wakibadilika. Binti akamsikiliza mpaka mwisho, akachukua mkoba wake. "Usijali, mama. Yamesaidia watu." Akamuaga baba yake, akaondoka. Kuanzia siku ile tukawa na mgeni mwenye adabu.

Na kweli yalisaidia watu, hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Hospitali ikatenga chumba kidogo, na pazia, kwa wanawake waliofiwa na watoto. Kina mama walimsimamisha wifi yangu sokoni kumshukuru, wakamshika mikono. Yeye anawashukuru, anawapa pole, halafu anakuja kwangu anakaa kwenye kigoda kati ya vitambaa na kulia kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akilia. Kama angekuwa ameharibu tu, ingekuwa rahisi kujichukia na kumaliza. Alikuwa ametenda mema kwa mali ya mtu mwingine, na mwenye mali alikuwa mwanawe.

Aliomba msamaha. Aliomba mara nyingi, na mara zote aliomba vizuri, masikini, kwa sababu hajui kuomba vibaya. Mara ya kwanza alinijaribia mimi hapa kwenye cherehani. Ilikuwa na mwanzo unaokushika, ikapanda, ikatua pale pale ilipopaswa. Nikasimamisha mguu kwenye kanyagio.

"Ni nzuri mno, wifi," nikamwambia.

"Si ndiyo vizuri?"

"Hapana. Ndilo tatizo lenyewe."

Hakunielewa, akaenda nayo hivyo hivyo. Binti alimsikiliza, akamwambia kwa upole, "Umeomba vizuri, mama." Na kikombe chake cha chai akakiacha nusu. Jibu hilo wifi alinihadithia mwenyewe aliporudi. Aliendelea kujaribu, kwa simu, kwa ujumbe, kupitia kwa kaka yangu, ambaye alifika kwa bintiye, akakaa kimya sebuleni kwake muda mrefu, akarudi nyumbani akasema wamezungumza vizuri. Ndivyo kaka yangu alivyo.

Magauni yakazidi kupwaya. Akaendelea kualikwa, akaendelea kwenda, na kila anakokwenda wanamwomba ile ya dada wa wodini. Anawapa nyingine. Wanapiga makofi, lakini wanaondoka na sura za watu waliokuja kwa chai wakapewa maji. Kipande chenyewe kilikuwa bado kinazunguka kwenye simu, hakukuwa na namna ya kukirudisha.

Hatimaye muda wake wa kustaafu ukafika, na manispaa ikamwandalia hafla ya kumuaga kwenye ukumbi mkubwa wa mikutano. Nikamshonea gauni la zambarau, la kiuno kidogo kuliko nilivyopenda. Kaka yangu alivaa suti. Binti alikuja na mumewe kwa sababu baba yake alimwomba, na akakaa karibu na mimi, mstari wa pili, mikono juu ya mkoba. Walikuwepo madereva, wafagiaji wa barabara, wanahabari waliokwisha zeeka, na safu mbili nzima za wauguzi.

Hotuba zilikuwa nyingi na nitakuonea huruma. Mkurugenzi wa sasa alisoma yake vizuri tu, kwa kuwa aliyeiandika ni mwanafunzi wa wifi yangu, yule mwanamke kijana aliyerithi meza yake na ndiye aliyekuwa mshereheshaji. Zawadi zikatolewa. Kisha wifi akaitwa aseme neno la kuaga. Akafika kwenye maikrofoni, na kabla hajafungua mdomo, mshereheshaji akasema, "Mama, kuna ombi. Wauguzi wako hapa, wamekuja kwa ajili ya kitu kimoja. Tunaomba ile ya dada wa wodini. Kwa mara ya mwisho tu."

Makofi yakapigwa ukumbi mzima. Upande wangu wa kulia mpwa wangu hakupiga. Aliushika upindo wa gauni langu, kitambaa tu, akakikunja mkononi kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo mbele ya mbwa.

Mimi nilikuwa nikipiga hesabu kichwani kwa ajili ya wifi yangu. Akiisimulia, amemaliza kila kitu. Akisema kisa hiki si changu kukisimulia, watu watauliza ni cha nani, na wenye akili watageuza shingo waangalie mstari wa pili. Akiomba msamaha pale mbele, na namjua angeomba vizuri, itakuwa ni hotuba nyingine juu ya mgongo wa yule yule mtoto, na kesho iko kwenye simu. Sikuona mlango.

Wifi akautazama ukumbi. Akasema, "Ile imenitoka."

Watu wakacheka, wakidhani ni mbwembwe. Mshereheshaji naye akacheka, akamsogelea kumsaidia. "Si ile, mama, ya kila mtoto akilia..."

"Imenitoka, mwanangu," akasema wifi. Akagusa kipaji cha uso kwa vidole viwili. "Najaribu, siipati. Inaanzaje? Nisameheni. Umri huu."

Kicheko kikafa. Nikasikia nyuma yangu mwanamke mmoja akinong'ona, "Masikini, mama wa watu." Mwingine akasema ndivyo inavyoanza, baba yake yeye alianza hivyo hivyo. Huyu ni mwanamke aliyezungumza miaka yote bila karatasi, aliyewahi kumsahihisha meya hadharani juu ya tarehe ya kufunguliwa soko, na fahari yake kubwa, naijua maana nimeichokoza sana, ilikuwa kichwa chake. Alisimama pale na gauni langu la zambarau akawaacha wamwonee huruma. Hakujitetea hata kwa tabasamu. Akawashukuru wafagiaji, akawashukuru madereva, akasema asanteni kwa kunisikiliza, akarudi kitini. Ilikuwa hotuba fupi na mbovu kuliko zote alizowahi kutoa.

"Shangazi," mpwa wangu akaniuliza bila kunitazama, "mama amesahau kweli?"

"Mama yako anakumbuka meno yako yaliota kwa mpangilio gani."

Upindo wa gauni langu aliendelea kuushika mpaka tukasimama kwa ajili ya picha.

Nyumbani tulirudi na maua mengi na watu wachache. Mimi nikabaki sebuleni na kaka yangu na mkwe wake, wanaume wawili wasiosema, nikalazimika kuzungumza peke yangu kwa niaba ya ukoo. Wifi alikuwa ameingia jikoni kuosha glasi, kwa kuwa hawezi kukaa. Nikamwona mpwa wangu anavua viatu vyake virefu, anaviweka kando ya kochi, anamfuata. Mlango wa jikoni ulirudishwa. Maji yalisikika yakitiririka bombani, yakafungwa. Baada ya hapo hakukuwa na sauti yoyote niliyoweza kuitambua, na msinidhanie vibaya, nilijitahidi kuitambua.

Walipotoka, macho yao wote wawili yalikuwa mekundu. Mpwa wangu alikuwa peku. Akakaa chini kwenye zulia akaegemea miguu ya mama yake, na kaka yangu akaniangalia, akawaangalia wale wawili, akatoa leso yake mfukoni akaanza kufuta miwani ambayo haikuwa na uchafu.

Sasa ni muda umepita. Habari kwamba Kipaza kichwa kimeanza kumtoka ilienea mjini, mialiko ikapungua, halafu ikakoma. Mwenzake mmoja wa zamani alimletea dawa ya mitishamba ya kuongeza kumbukumbu, chungu balaa, na wifi akainywa kijiko kizima mbele yake kwa adabu. Yule mwanamke aliyerithi meza yake huja kumwuliza mambo ya kazi polepole na kwa sauti ya juu, kana kwamba anazungumza na kiziwi, na wifi anamjibu. Mimi nachukia. Nimemwambia tuwaeleze watu, anasema tuwaache. Ananenepa. Nimeyapanua tena magauni yote. Simu ya binti yake inaita kila jioni, na wanazungumza mpaka chai ya kaka yangu inapoa, juu ya chumvi iliyozidi, juu ya mwenye nyumba, juu ya ndoto alizoota.

Juzi alikuja kupima gauni la kukaa tu nyumbani. Nikamshika kwa futi kiunoni, asiweze kukimbia, nikamuuliza siku ile jikoni aliambiwa nini.

"Aliniambia walimpa jina," akasema. "Yule mtoto. Sikujua kama walimpa jina."

"Jina gani?"

Hakujibu. Nikamwacha, maana namjua wifi yangu, ukimwachia kimya kidogo tu atakijaza. Niliandika vipimo, nikabadilisha uzi, nikatia mafuta cherehani isiyohitaji mafuta. Nikamwambia mimi ni shangazi, nina haki. Nikamrairai, nikamtisha kwamba gauni litatoka na mkono mmoja.

"Muulize mwenyewe," akasema. Alikuwa amesimama mbele ya kioo changu, mabega yametulia, la kulia chini kidogo ya la kushoto.

Sijamuuliza mwenyewe, wala sitamuuliza. Jina hilo wanalijua baba yake, mama yake na bibi yake.